Dirisha la Uchochoroni

Jumatano, tarehe 13 Agosti, saa nne asubuhi, Bi Mwanaidi alifariki nyumbani kwake, mtaa wa Gerezani. Jiko letu lilipoteza mwenyewe, na mimi nikapoteza mtu aliyenifundisha kazi niliyoifanya miaka ishirini na sita. Msibani sikulia. Nilipewa sufuria ya wali, nikapika wali. Watu walisema haukuungua, na kwa siku ile hayo yalinitosha.

Mwezi uliofuata nilivua aproni. Rehema na Festo, ninyi mliobaki na jiko, mliniomba niandike mambo ya zamani kwa sababu mnasema nikisimulia kwa mdomo nakatisha ili nigeuze samaki. Sasa hakuna samaki wa kugeuza. Mimi niliishia darasa la saba, kwa hiyo mnivumilie.

Sikuanza kuwa mpishi. Nilitoka Lindi nikiwa kijana, nikawa kuli bandarini, nabeba magunia mpaka mgongo ukakataa. Jioni tulikuwa tunakwenda Kariakoo, kwenye baa moja ndogo karibu na Mtaa wa Sikukuu. Bia zilikuwepo kila mahali. Pale tulifuata pweza. Ukifika kona tu unasikia harufu ya mkaa, ndimu na pilipili ya kukaanga, na miguu inaongeza mwendo yenyewe. Nakumbuka mara ya kwanza nilipotia kipande mdomoni. Nje kimebanikwa kidogo, ndani laini kama kiazi. Nilimwambia mwenzangu kwamba mtu anayepika hivi nitamwoa. Mhudumu akacheka, akasema mpishi ana wajukuu watatu na haingii baa.

Hapo ndipo nilipojua habari ya jiko lile. Jiko halikuwa la mwenye baa. Lilikuwa la Bi Mwanaidi, kwa mwenye baa alipanga chumba tu, na lilikuwa na madirisha mawili. Dirisha moja lilitazama ndani ya baa, lina pazia, na wahudumu walipitisha hapo sahani. La pili lilitazama uchochoroni. Hapo walisimama watu wasioweka mguu baa: wamama wa mtaa, mashehe, mafundi cherehani, wanafunzi wa madrasa waliotumwa na bibi zao. Walikuja na vyombo vyao vyenye mifuniko, wakawekewa, wakaenda. Yeye mwenyewe aliingilia mlango wa uchochoroni na kutokea huo huo. Katika miaka yote niliyofanya naye kazi hakuwahi kuona meza za baa zimepangwaje, ingawa alijua kila mteja anapenda nini.

Niliajiriwa kwa ajili ya sufuria. Siku moja sufuria kubwa ya supu ilikuwa haibebeki, na sauti ikatoka nyuma ya pazia ikiuliza kama kuna mwanaume yeyote humo ndani mwenye kazi nyingine zaidi ya kukaa. Wenzangu walinisukuma. Nilizunguka uchochoroni, nikaingia, nikamwamkia shikamoo, nikabeba. Akanitazama kama mtu anayekagua kitanda cha kununua. Akasema nirudi kesho saa kumi na moja alfajiri, na nije nimevaa viatu vya kufunga, si ndala.

Kesho yake alinipeleka Feri, kwenye mnada wa samaki. Mimi niliyezoea kelele za bandari nilishangaa. Wauzaji wanaimba bei, maji ya barafu yanapita miguuni, wanunuzi wanapigana vikumbo, na yule mama mfupi mwenye baibui anapita katikati kama amefunguliwa njia. Alinifundisha kufungua matamvua na kuangalia kama ni mekundu. Alinifundisha kubonyeza samaki tumboni na kusubiri: shimo likijaa, mnunue, likibaki, mwache alale. Muuzaji mmoja akasema, "Bi Mwanaidi leo umekuja na mlinzi." Akajibu, "Nimekuja na punda. Mlinzi ungemwogopa." Watu wakacheka, na mimi nikacheka, kisha nikabeba ndoo tatu za pweza na ngisi mpaka Kariakoo.

Vifaa vyetu mnavijua, lakini mjue vilivyoanza. Lile jiwe la kupigia pweza ni kipande cha ukingo wa barabara, alilipata barabara ilipokuwa inafumuliwa. Alisema mawe ya pwani yana mchanga na mchanga hautoki kwenye meno ya mteja. Pweza anapigwa mpaka mikono yake ianze kujikunja kwenye ncha. Kisha anawekwa kwenye sufuria bila maji, moto mdogo, anatoa maji yake mwenyewe. Chumvi mwisho. Nilitia chumvi mwanzo siku yangu ya pili, pweza akawa kama tairi, na Bi Mwanaidi akanipa nimle wote. Nilitafuna mpaka taya likauma. Sikurudia.

Sahani za baa zilikuwa nyeupe, vyombo vya uchochoroni walikuja navyo wenyewe, lakini sufuria ilikuwa moja. Nilimuuliza kwa nini asiwe na sufuria mbili, moja ya huku na moja ya kule, kwa amani ya kila mtu. Alisema zikiwa mbili, moja itakuwa ya wageni na nyingine ya watu wa ovyo, na mpishi atajua ipi ni ipi, na mkono wake utajua. Kwa hiyo sharti lake lilikuwa moja: kinachoingia sufuriani lazima kiweze kutokea dirisha lolote. Tone la pombe halivuki mlango wa jiko. Hata chupa tupu. Wahudumu waliokuja kuchukua sahani na bia mkononi waliziweka kwanza chini upande wao wa pazia.

Na baa yenyewe jamani. Sijui niiandikeje mpate kuiona ilivyokuwa siku za mechi. Viti vya plastiki vimejaa mpaka barabarani, mawakala wa forodha wamelegeza tai, madereva wa malori, wauza vipuri, mzee mmoja aliyevuka kwa pantoni kutoka Kigamboni kwa sababu alisema kwao kuna samaki lakini hakuna wapishi. Nasi tulikuwa na desturi yetu. Mechi ikiisha, meza ya waliofungwa inaletewa vichwa vya samaki changu, na meza ya walioshinda inakula miili. Hawakutozwa zaidi, ila walikula vichwa. Wahudumu walipita na sinia huku ukumbi mzima ukihesabu vichwa kwa sauti. Kuna karani mmoja aliyefungwa misimu miwili mfululizo akaishia kuvipenda, akawa anaagiza kichwa hata timu yake ikishinda, na wenzake wakamwambia amezoea msiba. Mimi nilikuwa nachungulia kupitia pazia na kumsimulia Bi Mwanaidi nani kashangilia na nani kanuna. Alikuwa anakuna nazi na kutabasamu, kisha anauliza, "Yule wa Kigamboni amemaliza ndizi zake?" Moyo wangu ulikuwa unadunda kila Jumamosi kama mimi ndiye ninayecheza.

Nimeandika hayo ili mjue nilichokaribia kukipoteza kwa ujinga wangu. Maana haya yanayofuata nilikuwa sijawaambia.

Kaunta yetu alikaa Paskali. Ni rafiki yangu, na mnamjua. Mwenye baa alipiga marufuku watu wa kaunta kunywa kazini, na Paskali alikuwa mtu wa kuonja kidogo kidogo. Basi alikuwa anajaza pombe kali nyeupe kwenye chupa ya plastiki ya maji, anaificha. Miezi michache kabla ya Ramadhani ya mwaka jana aliniomba aiweke nyuma ya gunia la mkaa jikoni, kwa kuwa mwenye baa hafiki huko. Nilijua ni nini. Nilijua sharti la Bi Mwanaidi kuliko mtu yeyote. Nikamwambia iweke, lakini isitoke nyuma ya gunia. Nilifanya hivyo kwa sababu nilimpenda, na kwa sababu niliona aibu kumkatalia kitu kidogo.

Ramadhani ile iliingia na mvua za masika. Ndani ya baa palikuwa kimya, lakini dirisha la uchochoroni lilikuwa na foleni kila alasiri, watu wanachukua supu ya pweza ya kufuturu. Siku moja paa likavuja juu ya mkaa. Paskali na mhudumu mmoja wakahamisha gunia, na yule mhudumu, asiyejua, akaiweka ile chupa rafuni pamoja na chupa zetu za maji ya kunywa. Mimi nilikuwa na mafua, pua zimeziba kabisa. Bi Mwanaidi alikuwa amekwenda kupumzika. Bomba lilikuwa halitoi, ndoo imekwisha, na supu imekuwa nzito. Nikachukua chupa ya maji rafuni, nikaongeza kama nusu yake, nikakoroga, nikaacha ichemke kidogo. Kisha nikaanza kupakua. Vyombo vitano vikatoka dirishani.

Paskali akaja kwenye pazia akauliza, "Mzee Damasi, ile chupa yangu umeiweka wapi?"

Nilitazama rafu. Nilitazama chupa iliyobaki nusu. Nikaionja kwa ncha ya ulimi, ikaniunguza. Ilikuwa saa kumi na mbili na dakika chache, na magharibi haiko mbali. Nilijua vitu viwili kwa wakati mmoja: kwamba watu watano waliofunga wamebeba pombe majumbani kwao kwa mkono wangu, na kwamba bado hawajafuturu.

Bi Mwanaidi aliingia wakati huo huo, anafunga vizuri mtandio. Nikamwambia. Sikumficha chupa ni ya nani, wala kwamba niliiruhusu. Alikaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi. Kisha akauliza, "Vyombo gani vimetoka?"

Majina yalinipotea, lakini vyombo nilivikumbuka. Hotipoti yenye maua mekundu. Bakuli la bati lililofungwa kwenye kanga. Ndoo ndogo ya kijani. Sufuria ya aluminiamu iliyofunikwa na sahani. Chungu chenye sikio moja. Na yeye akavitaja kama anasoma: hotipoti ni ya Mama Shufaa, Mtaa wa Mkunguni, bakuli ni la yule muuza vitambaa wa Mtaa wa Kongo, ndoo na chungu ni nyumba mbili za hapa hapa uchochoroni, huko atakwenda yeye mwenyewe, sufuria ni ya Mzee Hamdani, fundi cherehani, Mtaa wa Pemba, chumba cha nyuma. "Kimbia, Damasi. Usiwaambie nusu. Waambie yote."

Nilimwaga sufuria kubwa kwenye mtaro, nikakimbia. Sijakimbia hivyo tangu bandarini. Mnajua Kariakoo saa ile, watu wanafunga bidhaa, mikokoteni inavuka bila kutazama, wauza mitumba wamekaa katikati ya njia, na mvua imeacha matope. Niliruka mzigo wa viatu, nikaomba msamaha nikiwa angani. Mtu mmoja akapiga kelele kwamba mwizi anakuja. Mwingine akamjibu kwamba mwizi hakimbii na upawa. Nilikuwa bado nimeushika.

Mama Shufaa alikuwa anapanga mkeka. Nilipomwambia alicheka, akadhani nimetumwa kumtania. Nilipomwambia mara ya pili hakucheka. Alichukua hotipoti, akatoka nje, akamwaga, watoto wake wamesimama wanaangalia pweza akienda mtaroni. Akasema tu, "Na leo ndiyo siku niliyowaahidi." Niliomba radhi nikaenda.

Muuza vitambaa nilimkuta anafunga duka. Huyu alinisema mbele ya watu. Alisema siku zote mke wake anamwambia kitu kinachotoka baa ni cha baa, na yeye alikuwa anatutetea. Alinikabidhi bakuli na kanga yake, vyote, akasema hataki kuviona tena. Huyo hajarudi mpaka leo, na sina la kumlaumu.

Nikiwa kwenye kona ya Mtaa wa Pemba adhana ya magharibi ikaanza. Nilipita uani bila kubisha hodi. Mzee Hamdani alikuwa amekaa peke yake kwenye kiti cha cherehani, tende na kokwa zake kwenye kisahani, na kikombe mkononi. Kikombe kilikuwa kitupu.

Nilimwambia yote nikiwa mlangoni, nahema kama mbwa. Chupa, Paskali, gunia, mafua, nusu chupa. Alinisikiliza akitazama kikombe.

"Nilipokunywa, mimi nilijua?" aliuliza.

"Hapana, mzee."

"Na wewe ulijua?"

"Kwamba naimimina sikujua. Kwamba chupa imo jikoni nilijua. Mimi ndiye niliyeiruhusu."

Alisukutua kinywa, akatema nje dirishani. Kisha akasema, "Basi langu nitaliombea msamaha na litakwisha. Lako ni zito kuliko langu." Akanisukumia kile kisahani cha tende na kikombe kingine cha maji. "Kunywa kwanza. Ukinifia hapa nitawaambia nini polisi, mtu mwenyewe ameshika upawa."

Nilirudi. Bi Mwanaidi alikuwa ameziwahi zile nyumba mbili. Hakunipigia kelele, ingawa nilitamani apige. Paskali alikwenda mwenyewe kumwambia mwenye baa, akatolewa kaunta akawekwa stoo ya kreti, na hapo yupo hadi leo bila chupa yoyote.

Kesho yake alasiri Bi Mwanaidi alitoa jiko la mkaa nje, uchochoroni, akaweka sufuria mbele ya macho ya watu. Kabla hajapakua kitu aliwaambia waliosimama kilichotokea jana, taratibu, bila kupunguza. Hakulitaja jina langu. Mimi nilikuwa mlangoni, nikasema ni mimi. Foleni ilitawanyika polepole, kwa heshima, jambo lililoniuma kuliko matusi. Mwanamke mmoja alimshika Bi Mwanaidi mkono, kisha naye akaondoka na chombo chake kitupu.

Usiku huo aliniambia nitaendelea kupika sahani nyeupe, za ndani. Dirisha la uchochoroni nisiliguse. Supu yake ataipika mwenyewe na kuipakua mwenyewe, mpaka atakaposema. Alikuwa na miaka sabini na kitu na mgongo wake ulikuwa umeanza kuinama. Nilimbebea sufuria mpaka nje, nikaiweka juu ya jiko, nikarudi ndani. Siku sita alikaa pale kwenye kigoda, supu inachemka, watu wanapita, wanasalimia, hawasimami. Jioni tuliigawa supu kwa wabeba mizigo wa sokoni. Nilijua akilipoteza dirisha lile atafunga jiko lote, kwa sababu hangekubali kupikia upande mmoja tu. Alikwisha kunitamkia hivyo.

Siku ya saba mvua ilikuwa inanyesha nyembamba, akarudisha jiko ndani na kukaa dirishani. Mimi nilikuwa nakaanga ngisi. Nikasikia salamu ya kiume, nikageuka. Mzee Hamdani alikuwa amesimama uchochoroni chini ya mwavuli, na sufuria yake ya aluminiamu.

Bi Mwanaidi alinyoosha mkono aipokee. Mzee akairudisha nyuma.

"Nataka anipakulie Damasi."

"Damasi hapakui dirisha hili."

"Kwa nini?"

"Unajua kwa nini, Hamdani."

"Aliyekunywa ni mimi," alisema. "Wewe hukunywa. Mtu akiniharibia kwa siri simrudii. Huyu alikuja akiwa anahema, akanieleza mpaka ya chupa ambayo nisingeijua maisha. Sasa mimi nimemkubali, wewe unamkatalia nini?"

Bi Mwanaidi alimtazama mzee, akanitazama mimi na mafuta yanayonirukia mkononi. Kisha akasogea pembeni ya dirisha, akanipa upawa.

"Mpakulie," alisema. "Na usimjazie mchuzi mtupu."

Nilimpakulia. Mchuzi kidogo ukamwagika kwenye kizingiti. Mzee Hamdani alifunika sufuria kwa sahani yake, akaikumbatia chini ya mwavuli, akaenda. Siku hiyo hakuja mwingine. Bi Mwanaidi aliuchukua upawa, akausuuza, akautundika upande wangu wa jiko.